Ubeti wa Hyasinti

Jioni Hyasinti alipoondoka, kahawa ilikuwa bado kwenye vichanja. Jua lilikuwa limeinamia upande wa ziwa na ukungu umeanza kupanda kutoka mabondeni, kama ilivyo kawaida ya Mpepai mwezi wa saba, na kahawa ikilala wazi kwenye ukungu ule haifai tena. Hyasinti akatoka na nailoni kwenda kuifunika. Scholastica, mkewe, akabaki jikoni akichagua maharage. Mume alikuwa anaimba kule nje, mke anamsikiliza akiwa huku ndani, na hilo ndilo lilikuwa mazungumzo yao ya jioni kwa miaka mingi.

Aliimba ubeti wa pili wa wimbo wa kwaya, ule aliopewa aimbe peke yake:

*Lehema yako, Bwana, hailali njiani,*
*ikipanda mlima…*

Hapo akanyamaza.

Scholastica alingoja. Alijua mstari unaofuata, kila mtu pale kigangoni aliujua: *ikishuka ziwani*, kisha *ikiingia nyumbani*. Alidhani mwenzake amekutana na fundo la kamba, au amesahau maneno. Akapaza sauti bila kuinua macho kutoka kwenye ungo.

"Baba Gaudiosa! Umepotelea huko mlimani? Shuka basi ziwani, maharage yanakungoja!"

Akacheka mwenyewe. Hakujibiwa. Akachagua maharage mengine kidogo, kisha ungo ukawa mzito mapajani bila sababu, akauweka chini akatoka. Alimkuta Hyasinti amelalia kichanja kifua kizima, kama mtu anayetaka kuikumbatia kahawa yote, mkono mmoja umeshika nailoni. Nusu ya kichanja ilikuwa imefunikwa.

Daktari alisema ni moyo. Scholastica aliitikia kwa kichwa. Moyo, sawa. Ila kila alipotaka kulala, kilichomrudia hakikuwa kichanja wala mkono. Ulikuwa ule mstari uliobaki hewani, na mwanaume aliyepanda mlima asishuke.

Hyasinti hakuwa mtu wa milimani. Alizaliwa Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa, katika watu wa usipa, dagaa wa ziwa lile, na mihogo. Alipanda Mpepai akiwa kijana, kwa ajili ya vibarua vya kuchuma kahawa, akaona binti, akabaki. Watani wake wa milimani walimwambia hajui kulima ngolo, yale mashimo ya kilimo cha mlimani, anachimba mashimo ya kutegea samaki. Naye akawajibu kwamba wao wanakula samaki akiwa amekwisha kuwa ubao, ndiyo maana vichwa vyao vigumu. Lakini alipofungua mdomo kanisani, utani ulikoma. Alikuwa na sauti ya nne nzito, iliyotulia, isiyosukumwa. Mwalimu Protasi, aliyeongoza kwaya ya kigango, alisema sauti ile haina kasoro ila moja tu.

Kasoro yenyewe ilikuwa r. Hyasinti hakuwa nayo. Wengi wa upande ule hawana, wawe wa ziwani au wa mlimani. Lugha za nyumbani haziijui, na mtu huikuta shuleni akiwa na ulimi uliokwisha kukomaa. Hata lile shimo la kilimo, maofisa huandika ngoro na wenye shimo husema ngolo. Lakini wengine walijifunza kuzikunja ndimi zao mbele ya watu. Hyasinti hakujifunza. Alisema Luvuma, akasema balabala, na kanisani akaimba lehema.

Mwaka mmoja kwaya ilikwenda kwenye mashindano, majaji wakawakata alama kwa sababu ya matamshi. Tangu hapo Mwalimu Protasi aliishika r kama mtu aliyeshika mkia wa mbuzi asitoroke.

"Rrre! Rrrehema! Kunja ulimi, Hyasinti!"

"Nimeukunja, Mwalimu. Lehema."

"Unanitania."

"Mwalimu, Mungu ananielewa."

"Mungu anakuelewa, majaji hawakuelewi!"

Kwaya nzima ilikuwa ikiangua kicheko, na Restituta, jirani yao mwenye mdomo usio na mlango, akidakia kutoka kwenye sauti ya kwanza: "Mwacheni baba wa watu! Wa kwao Lipingo r zote waliziuza wakanunulia nyavu!"

Wimbo ule walikwenda kuurekodi Mbinga mjini, studio, mwezi wa tano, pamoja na nyimbo nyingine za albamu yao ya kwanza. Hyasinti alirudi siku hiyo amechoka na amefurahi. Alimweleza mkewe jinsi walivyomfungia kwenye chumba kidogo chenye magodoro ukutani, wakamvisha visikilizio masikioni, akaimba, akaambiwa rudia, akaimba, akaambiwa rudia.

"Mpaka ukaipata hiyo r?"

"Mpaka wao wakachoka," alisema Hyasinti. "Wameiacha hivyo hivyo. Utaisikia."

Mwezi wa saba akafa.

Baada ya mazishi, siku ya kuanua matanga, ndugu wa Lipingo waligawana vitu vya marehemu kama desturi inavyotaka. Koti lilikwenda kwa mjomba, redio kwa shangazi, na simu yake, ile ya kupapasa, ikaenda kwa mdogo wake Vitalis. Mjane siku ile hukaa kwenye mkeka na kuitikia. Alikumbuka baadaye tu, vichwa vya watu vilipopungua uani, kwamba Hyasinti alikuwa na tabia ya kujirekodi kwenye simu ile akifanya mazoezi. Akaomba simu ya jirani akampigia shemeji yake.

"Shemeji, kwenye ile simu kulikuwa na nyimbo za kaka yako."

"Ah, shemeji!" alisema Vitalis kwa furaha ya kusaidia. "Ilikuwa imejaa uchafu mpaka inakwama. Nimeisafisha yote. Sasa hivi inakimbia kama mpya!"

"Haya. Asante, shemeji."

Alipomsimulia Restituta, mwenzake alipiga kofi la mshangao. "Ndiyo hivyo, dada. Asiyekuwepo na lake halipo."

Ikabaki albamu. Scholastica hakumwambia mtu kwamba anaingoja. Angesemaje? Kwamba mwanamke wa umri wake, mwenye binti aliyeolewa na wajukuu, anangoja mstari mmoja wa wimbo kama mtoto anayengoja peremende? Alipalilia kahawa, alikwenda jumuiya, alikoroga uji kwenye misiba ya wenzake. Ndani alikuwa anategemea kitu kimoja: kwamba mahali fulani Mbinga mjini, kwenye mashine ya watu, Hyasinti ameshashuka ziwani. Ameumaliza ubeti. Kilichobaki ni yeye kuusikia tu.

Tangazo likaja kanisani baada ya misa. Kutakuwa na tamasha kubwa la kwaya Mbinga mjini, kwenye ukumbi wa parokia. Kwaya za vigango zitaimba pamoja na okestra ya vijana wa jimbo, wenye fidla na matarumbeta na kila kitu, na kwaya ya Mpepai itazindua albamu yake hapo hapo. Wanakwaya wangetangulia kwa ajili ya mazoezi, lakini Restituta goti lilikuwa linamsumbua, hawezi kusimama saa nyingi, kwa hiyo safari hii angekaa na watazamaji.

"Twende wote, mama Gaudiosa," alisema. "Na Ottilia. Ukikaa humo ndani utaota uyoga."

Ottilia, rafiki yao wa tatu, mwanamke wa maneno machache, alimtazama Scholastica usoni. "Utaweza?"

"Nitaweza."

Walikwenda wamevaa sare ya vitenge vya jumuiya, Scholastica akiwa amekunja leso mbili kifuani. Ukumbi ulikuwa umejaa, lakini Restituta alipita katikati ya watu kwa goti lake kama trekta na kuwapatia nafasi safu ya tatu, karibu na spika. Scholastica aliitazama spika ile, nyeusi, ndefu kuliko mtu. Akajisogeza upande wake.

Vijana wa okestra walikuwa wanarekebisha nyuzi zao. Restituta akaziba sikio moja.

"Mh! Wanakuna nini hawa? Kama mtu ananoa panga kwenye jiwe."

"Wanatafuta sauti," alisema Ottilia.

"Waitafute nyumbani, wametuita sisi kusikia iliyokwisha kupatikana."

Akaingia kijana mwembamba mwenye koti jeusi na kijiti mkononi, akainama, watu wakapiga makofi. Akainua kijiti, na ule mkuno wote ukaungana kuwa kitu kimoja, laini, kikapanda mpaka kwenye mabati. Hata Restituta alinyamaza. Alinyamaza kwa nyimbo mbili nzima, kisha akamwinamia Scholastica.

"Yule wa kijiti mbona hapigi chochote, na ndiye anayetoka jasho?"

Scholastica alicheka. Alishangaa kusikia kicheko chake. Ottilia akamshika mkono, akauacha pale pale juu ya kitenge.

Kwaya zikapita moja moja. Ya Litumbandyosi iliimba ikicheza, wanaume wakiruka mpaka jukwaa likalia. Kisha Mpepai wakapanda, sare za bluu, Mwalimu Protasi amevaa tai. Walipoanza kupanga mstari, Scholastica aliliona pengo upande wa sauti ya nne, akaona jinsi wenzake walivyosogeleana kulificha. Fidla zikaanza taratibu. Akaujua wimbo kabla haujafika.

Ubeti wa pili, kijana mmoja akapiga hatua mbele. Alikuwa Praygod, fundi seremala, sauti yake nzuri na changa. Scholastica alimtazama bila uchungu. Jukwaani anasimama aliye hai, ni haki yake. Alimhurumia hata, kijana wa watu. Praygod alipanda mlima, akashuka ziwani, akafika nyumbani salama, na watu wakashangilia. Scholastica akapiga makofi pamoja nao. Yeye hakuja kwa ajili ya hili. Alikuja kwa ajili ya spika.

Ikafika zamu ya uzinduzi. Mgeni rasmi akakata utepe kwenye kikapu chenye flashi na diski za albamu, akina mama wakapiga vigelegele. Mwalimu Protasi akashika maikrofoni, akakunja ulimi kwa nguvu zake zote.

"Wapendwa, hii ndiyo arbamu yetu! Karibuni muisikirize!"

Restituta alimfinya Ottilia. "Sikia r zake. Zilizokosekana Lipingo zote anazo yeye."

Spika ikakwaruza, ikanyamaza, ikaanza. Kinanda kwanza, bila fidla, kile kinanda cha studio cha mwezi wa tano. Scholastica aliinama mbele. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa kwaya nzima, akamtafuta humo chini, kwenye sauti ya nne, na akahisi amempata, uzito fulani kama wa mtu anayekaa kwenye kitanda unachokalia. Kiitikio kikapita. Akafumba macho. Mkono wa Ottilia ulikuwa bado juu ya wake, akaubana bila kujua.

*Rehema yako, Bwana, hailali njiani…*

Rehema. Kwa r, iliyokunjwa vizuri, imenyooka, changa.

Hakufumbua macho mara moja. Alifikiri labda masikio yamemdanganya, labda mashine inaweza kunyoosha ulimi wa mtu. Lakini sauti iliendelea kupanda mlima na ilikuwa ya Praygod tangu chini mpaka juu. Ilishuka ziwani kwa ustadi. Iliingia nyumbani. Ukumbi ukalipuka kwa makofi.

Mwalimu Protasi aliomba utulivu. Sauti yake ilikuwa imelegea.

"Wengi wenu mnajua kwamba ubeti huo ulikuwa wa ndugu yetu marehemu Hyasinti. Tulikuwa tumeshaurekodi naye. Lakini tulikaa, tukajiuliza: dada yetu Scholastica akiwa anapita njiani, wimbo unapigwa dukani, unapigwa kwenye pikipiki, atasikia sauti ya mume wake kila siku? Si tutakuwa tunamtonesha kidonda? Tukaona hapana. Tukarudi studio, Praygod akaurudia." Akanyoosha mkono kuelekea safu ya tatu. "Mama Gaudiosa, simama watu wakuone. Tumpigie makofi ya kumfariji."

Ukumbi mzima uligeuka. Scholastica akasimama. Hakujua ni nani aliyemwinua, yeye au Restituta, ambaye tayari alikuwa analia kwa sauti na kusema, "Mungu awabariki, jamani, Mungu awabariki kwa moyo huo!" Makofi yalipigwa kwa mpangilio, yale ya kanisani, pa-pa-pa, pa-pa-pa. Watu walikuwa wanamtazama kwa upendo kweli, haikuwa na shaka. Wengine walikuwa wanafuta macho. Ukipewa kitu kwa upendo namna ile, mbele ya watu wote, unakitupa wapi? Alipunga mkono. Kijana wa kijiti alimwinamia kwa heshima, na Scholastica naye akamwinamia.

Alipokaa, Ottilia hakulia wala hakupiga makofi. Alikuwa anamtazama tu.

"Ulikuwa unamngoja," alisema polepole.

Scholastica aliifungua leso, akaikunja tena. "Nyamaza, mwenzangu."

Baada ya tamasha watu walimwagika uani kunywa soda. Praygod ndiye aliyemfikia kwanza, jasho bado linamtoka shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, nimeimba sawa? Nilikuwa naogopa. Nilisema nikikosea nitakuwa nimemkosea yeye."

Macho yake yalikuwa mekundu. Scholastica aliitafuta chuki ndani yake, akakuta hamna. Ingekuwepo ingemsaidia.

"Umeimba vizuri sana. Pumzika sasa."

Mwalimu Protasi alikuwa kando ya mlango, anapanga nyaya kwenye boksi. Scholastica alikwenda kwake peke yake. Restituta alitaka kumfuata, Ottilia akamshika kitenge.

"Mwalimu, hongera."

"Hongera yetu sote, mama Gaudiosa."

"Ule wa kwanza uko wapi?"

"Upi?"

"Ule wake. Wa mwezi wa tano."

Protasi alisimama wima, waya umening'inia mkononi. "Ule haupo tena. Yule kijana wa studio aliuweka wa Praygod pale pale ulipokuwa ule. Ndivyo wanavyofanya, huu ukiingia ule unatoka." Akatabasamu kumtoa wasiwasi. "Usiogope, hautatokea popote. Nilihakikisha mwenyewe."

"Hakuna mwenye nakala?"

"Hakuna, mama. Tuliangalia hilo."

Scholastica aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayekubali bei. Na kwenye ubeti wa kwanza, alitaka kuuliza, si bado yumo? Hakuuliza. Kama Protasi angejua, angerudi studio kesho yake kwenda kumwondoa na humo, kwa wema ule ule.

Protasi alimwona bado amesimama pale, naye akashindwa kujizuia. Alikuwa amemzika rafiki yake. Kwa miaka yote ile alimgombeza kila mazoezi, na hakuwa amepata mtu mwingine wa kumgombeza hivyo. Akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, ulimi wake ukafunguka, ukarudi nyumbani.

"Tulikuhulumia, mama Gaudiosa," alisema. "Tulikuhulumia sana."

Scholastica aliinua uso kwa haraka. Ilikuwa ndogo tu, herufi moja. Lakini ilitoka kwa mwanaume, kwa sauti nzito, katikati ya huzuni.

"Umesemaje, Mwalimu?"

"Eh?"

"Hebu sema tena."

Protasi akajisikia, akaona haya. Akakohoa. Akaweka tai yake sawa na kuukunja ulimi.

"Nimesema tulikuhurumia. Tulikuhurrrumia."

"Haya," alisema Scholastica. "Asante, Mwalimu."

Walirudi Mpepai jua likiwa linaelekea kuzama. Restituta aliuimba wimbo njia nzima, na kila alipofika ubeti wa pili aliupunguza sauti kwa heshima, akamtazama Scholastica pembeni, akaendelea. Nyumbani ukungu ulikuwa umeanza kupanda. Scholastica aliingia ndani, akabadili kitenge, akatoka na nailoni kwenda kufunika kahawa. Alianzia upande ule ambao Hyasinti hakuwa ameufunika jioni ile.

Albamu inapigwa sasa madukani Mbinga, na hata Lipingo wanayo. Jumapili kwaya inaimba wimbo ule wakati wa matoleo. Ubeti wa pili anauimba Praygod, na anasema rehema.